Gauni la Merikani

Merikani mpya ilinuka wanga na vumbi la ghala, na kwetu Tabora, ambako kitambaa hicho kiliingia zamani vichwani mwa wapagazi, harufu ile ilikuwa na maana mbili: ama godoro linashonwa, ama kuna maiti. Kwa hiyo nilipoikuta barazani, juu ya cherehani ya baba, niliuliza nani amekufa. "Bado," alijibu bila kuinua macho. Nilikuwa na miaka minane na nilijiona mpelelezi.

Kisa kilikuwa hiki. Memsahibu, mke wa Bwana Stesheni, yule Mzungu mkuu wa stesheni ya reli, alikuwa akiandaa mchezo wa nyimbo katika ukumbi wa klabu ya Wazungu, ambao yeye aliuita jumba la opera ingawa popo ndio waliokuwa wenyeji wake. Alimwagiza baba gauni la harusi, "la Merikani." Yeye alitaja nchi, kwani mchezo ulitoka huko, baba alisikia kitambaa. Mama akaunganisha yaliyobaki: mwanamke ana mume, anataka gauni la harusi, tena la kitambaa cha sanda. "Baba Zuhura, yule bwana anauawa," alisema. "Na wewe utaulizwa nani alishona." Baba akajibu, "Nikikataa, nitaulizwa nilijuaje."

Alishona siku tatu huku akisoma dua. Siku ya nne alinishika mkono tukaenda stesheni, treni ya Mwanza ikishusha magunia kutoka Bukene. "Samahani, Bwana," alisema. "Memsahibu anaolewa Jumamosi." Bwana Stesheni alicheka mpaka kofia ikamlegea. "Mchezo tu, fundi!" "Sawa, Bwana. Lakini kila akija kupima, bwana harusi huja kumshikia pini." "Bwana harusi gani?" "Bwana Shamba, yule kijana." Bwana Stesheni akaacha kucheka.

Jumamosi alasiri tulichungulia dirishani. Wanaume wenye kofia pana walijipiga mapaja wakiimba, kisha bibi harusi akatokea, gauni limekakamaa kama ubao. Wazungu walishangilia, nadhani wakiamini ndivyo wakulima wa Amerika wanavyooana. Bwana Shamba alipomshika mkono, ukumbi mzima ulipiga makofi, isipokuwa mtu mmoja wa safu ya mbele aliyeacha mikono yake magotini. "Umemwona?" baba alininong'oneza.

Haukupita mwezi, Memsahibu akapanda treni ya Dar es Salaam na masanduku mawili, peke yake. Bwana Stesheni mwenyewe ndiye aliyepeperusha bendera ya kijani. "Angalau hakufa mtu," mama alisema. Tangu siku hiyo baba hakushona tena gauni la harusi la mtu yeyote.

Chuo kikuu kilinieleza vizuri tofauti ya nchi na kitambaa. Hakikunieleza kama baba aligundua jambo au alilianzisha. Mwaka juzi, ng'ambo, niliketi katika jumba la opera la kweli, lenye viti vya mahameli, kuangalia mchezo wa aina ile ile. Bibi harusi alipotokea, watu wote walimtazama yeye. Mimi, msomi mzima mwenye miwani, niligeuka nyuma nikaanza kuwakagua waume.