Kumsomea Mama Mkwe Vitabu vya Kutisha

Mwandishi wa riwaya za kutisha ninayempenda kuliko wote ana paka mmoja, na paka huyo amefanya kazi katika vitabu vyake vyote bila likizo. Sura inakaribia kwisha, msichana yuko peke yake nyumbani, mlango unalia kwiii, kivuli kinapita ukutani, msichana anageuka na kuona... Sura imekwisha. Unafungua inayofuata moyo ukidunda. Kumbe ni paka. Nimeshtuliwa na paka yule mara nyingi kiasi kwamba nikizaliwa upya nitazaliwa panya.

Naomba nieleweke: mimi ni shabiki. Vitabu vyake ninavyo vyote, vimejipanga juu ya kabati la vyombo sebuleni kwetu Nyegezi, hapa Mwanza. Kipya kikitoka nakifuata Buzuruga, kwenye meza ya muuza magazeti karibu na stendi, ambaye huniwekea nakala chini ya kalenda za mwaka uliopita. Nafundisha baiolojia sekondari. Wanafunzi wangu wanaamini kwamba jioni nasoma habari za mmeng'enyo wa chakula. Kumbe nasoma jinsi msukule alivyokula moyo wa mwenyekiti wa mtaa, na kila nikimkumbuka mwenyekiti wetu, namwonea huruma msukule.

Mashujaa wake wote ni wasomi waliosahau akili nyumbani. Wakiambiwa nyumba ile usiingie, wanaingia. Simu zao huisha chaji mlangoni. Wasichana wake hulala na magauni meupe marefu. Mimi katika maisha yangu yote sijamwona mwanamke wa huku aliyelala na kitu kingine zaidi ya kanga na fulana ya kampeni. Mchungaji hufika ukurasa wa mwisho, wenye kufa wakishakufa wote, kama polisi.

Na bado nasoma. Chakula kinaungua nasoma. Mume wangu, Msukuma mwenye mabega ya kubeba ng'ombe, hataki hata kuviona. Anasema vitabu vile vinaingiza pepo nyumbani. Vinapokuwa vimeelekea upande wake huvigeuza, jalada likatazama ukuta.

Kisha mwandishi wangu akaandika riwaya ya Mwanza. Nilifurahi mpaka nikapika pilau siku ya kazi. Hatimaye mizimu imehamia kwetu! Katika sura ya kwanza msichana anashuka ufukweni Nyegezi, gauni jeupe, mbalamwezi, na upepo unamletea "harufu ya chumvi ya bahari". Chumvi! Ziwa hili tunachotea maji ya ugali. Akaendelea kutembea ndani ya maji miguu mitupu, anasubiri mzimu. Mimi mwalimu wa baiolojia nilikuwa namsubiria kichocho. Mimi ni mtu wa Kagera, na sisi watu wa Kagera, kama nchi nzima inavyojua, hatupendi kujionyesha, kwa hiyo nilisahihisha kitabu chote kwa kalamu nyekundu kisha nikawaonyesha wageni tu.

Nilikuwa katikati ya usahihishaji huo mama mkwe alipokuja. Alitoka kijijini kwao, mbele ya Usagara, kuja kutolewa mtoto wa jicho katika hospitali moja hapa mjini. Ni mwanamke mrefu, mkimya, Mkatoliki wa kupiga magoti, aliyejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima na anayesoma kwa kidole, herufi baada ya herufi. Macho yake yalikuwa mekundu muda wote niliomfahamu. Amepikia kuni tangu utoto, katika jiko lisilo na dirisha. Mimi nimewahi kukaa humo kwa muda wa kuchemsha chai tu nikatoka nalia kama niliyefiwa.

Walimfanyia jicho moja. Akarudi na bandeji, akawa hana la kufanya ila kukaa kwenye kochi na kusikiliza jirani akigombana na maji ya bomba. Mume wangu alikuwa amesafiri kununua pamba. Siku ya kwanza nilipotoka shuleni aliniomba nimsomee Injili, nikasoma. Siku ya pili nikasoma. Siku ya tatu akaniambia, "Mkwe, Yesu namjua. Nisomee kile unachochekaga peke yako jikoni."

"Kile si kizuri, mama. Kina mashetani."

"Hata Injili ina mashetani. Soma."

Nikasoma. Sijawahi kuwa na msikilizaji kama yule. Msichana alipoingia kwenye nyumba iliyokatazwa, mama mkwe alipiga paja: "Mpumbavu huyo! Hana mama?" Mlango ulipolia akasema, "Wapake mafuta." Kivuli kilipopita alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia, na nilipofungua sura iliyofuata na kumtoa paka wetu mpendwa, aliniachia mkono, akauliza kwa upole, "Huyu anayeandika, ana watoto?"

"Sijui, mama. Kwa nini?"

"Anatuona sisi watoto."

Tulikwenda hivyo alasiri baada ya alasiri. Nilikuwa nakimbia kutoka shuleni, naacha walimu wenzangu kwenye kikao cha mtaala, kikao ambacho kwa kutisha kingeweza kushindana na riwaya yoyote. Alikuwa ananisubiri, kahawa imeshachemshwa, kitabu kiko kwenye meza kimefutwa vumbi. Tukafika mahali mchawi anapotokea. Nilisoma kwa sauti ya kukwaruza, maana nilishaipenda kazi: "Kikongwe aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu kama makaa. Hapo ndipo msichana alipojua kwamba mbele yake ameketi mchawi."

Nilisubiri kushikwa mkono. Hakunishika.

"Rudia hapo," alisema.

Nikarudia.

"Alijuaje?"

"Alijuaje nini, mama?"

"Kwamba ni mchawi. Amemwona amefanya nini?"

Nikatazama ukurasa. Bibi hakuwa amefanya kitu. Alikuwa amekaa mlangoni kwake anapepeta mchele.

"Ni macho," nikasema. "Yamekuwa mekundu, basi akajua."

"Anapikia nini huyo bibi? Kuni?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akavuta kanga mabegani, akanisimulia habari za rafiki yake, mwanamke waliyeolewa kijiji kimoja mwaka mmoja, wakalima pamba pamoja, wakazaa kwa zamu na kunyonyesheana. Mtoto wa jirani alikufa kwa homa, halafu ng'ombe wakafa. Watu wakaanza kusema yule mama macho yake si ya kawaida. Kwanza walisema kwa utani, kwenye pombe. Baadaye watoto wakaimba. Asubuhi moja akakuta kuku aliyekatwa kichwa mlangoni kwake, na kabla jua halijapanda alikuwa ameondoka na mkeka na sufuria kwenda kwa binti yake, wilaya nyingine. Wiki hiyo hiyo nyumba yake ikachomwa.

"Alibahatika," alisema mama mkwe. "Wengine hawakupata nafasi ya kuondoka."

Nikafunga kitabu.

"Na mimi mnadhani nimekuja kwa sababu sioni?" akaendelea. "Naona. Sindano natunga mwenyewe. Mwaka huu watoto wa jirani wakinikuta kisimani wanaacha ndoo zao. Mama yao akinisalimia anaangalia miguu yangu, si macho. Nikajisemea, niende mjini wakanitengeneze macho kabla watu hawajaanza kuimba."

Jioni nilimpigia simu mume wangu. Nikamweleza yote. Akasema, "Hakuniambia." Akarudia tena, "Mama hakuniambia," na baada ya hapo hakuweza kuzungumza habari za pamba.

Nilivishusha vitabu vyote kabatini. Yule bibi alikuwemo karibu katika kila kimoja: Tanga, Iringa, Dar, popote. Hana jina, hana mume, hana shamba, ana macho tu. Mwandishi wangu aliyeshindwa kujua kwamba Ziwa Victoria halina chumvi alikuwa na hakika kabisa juu ya macho ya bibi zetu.

Ikatokea wiki zile zile mabango yakabandikwa mjini: mwandishi anakuja Mwanza kuzindua riwaya yake ya Mwanza, ukumbi wa hoteli fulani, Jumamosi alasiri. Nilimwambia mama mkwe nakwenda kumuuliza maswali.

"Tunakwenda," alisema, akaanza kutafuta kitenge chake cha Pasaka.

Nilitarajia mtu mrefu, mweusi tii, mwenye kucha. Alikuwa mtu mfupi mwenye mafua, sweta la bluu, anakunywa maji ya moto kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa umemshika kifua. Alipotuona mlangoni akatusogelea mwenyewe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mafua."

Inaudhi sana kumkuta mtu unayetaka kumgombeza ana adabu.

Ukumbi ulijaa vijana. Mwandishi akasoma sura ya ufukweni, chumvi ikavuma, watu wakapiga makofi kama vile hawajawahi kunywa maji ya bomba. Maswali yalipofunguliwa nikasimama na hotuba yangu niliyoiandaa. Nilikuwa nimefika kwenye kichocho mama mkwe aliponivuta sketi, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu.

"Mwanangu," alisema, "vitabu vyako nimesomewa. Vizuri, isipokuwa yule paka."

Ukumbi ukacheka. Mwandishi naye akacheka.

"Nataka kuuliza. Yule bibi mwenye macho mekundu, alikosa nini?"

"Mama, yule ni mchawi," alijibu kwa upole. "Ni hadithi tu."

"Najua ni hadithi. Na kwetu walianza na hadithi."

Akawaeleza habari za rafiki yake, kwa kifupi, bila kupandisha sauti. Alipomaliza, kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Bibi, mbona na wewe una miwani ya giza? Vua tuone!" Watu wakaangua kicheko, cha wasiwasi lakini kicheko.

Ile miwani alipewa hospitali bandeji ilipotolewa. Nilitaka kumwambia tuondoke. Yeye akaivua, akaikunja taratibu, akageuka kuwatazama. Jicho moja lilikuwa jekundu kwa moshi wa miaka yote, lingine lilikuwa jekundu zaidi kwa sababu ya upasuaji. Kicheko kikakatika. Msichana wa mstari wa mbele, msichana mzuri, mwenye kitambulisho cha chuo kikuu shingoni, alikivuta kiti chake nyuma. Hakukusudia. Nilimwona alivyoona aibu mara baada ya hapo. Lakini alikivuta, na mlio wa miguu ya kiti kwenye vigae ulisikika ukumbi mzima. Nimesoma riwaya zote za mtu yule na hakuna ukurasa ulionitia baridi kama mlio ule.

Mwandishi akaweka kikombe chini. Akashuka jukwaani, akaja mpaka kwenye viti vyetu, akachuchumaa mbele ya mama mkwe.

"Macho yamefanyaje, mama?"

"Moshi, mwanangu. Halafu kisu cha daktari."

"Yanauma?"

"Yanawasha."

Alikaa pale amechuchumaa, anapenga kamasi. Kisha akasema, bila kipaza sauti, kwamba bibi yule alimrithi kwa waandishi waliomtangulia, akamchukua bila kufikiri, na kwamba yeye mwenyewe huku kwetu hakuwahi kufika kabla ya siku ile.

"Hilo tumeliona kwenye chumvi," nilisema. Sikuweza kujizuia.

Hakuahidi kitu, na mshereheshaji, ambaye alikuwa amepauka, akatangaza soda haraka kuliko ratiba. Mwandishi alisaini nakala ya mama mkwe na kumwomba amwombee.

Riwaya yake iliyofuata imetoka mwaka huu. Mchawi ni mwanamume wa makamo, suti ya kijivu, gari la vioo vyeusi, meno meupe, anatoa mikopo ya umiza, ile yenye riba ya kunyonya damu. Mashabiki wenzangu kwenye kundi letu la simu wamekasirika. Wanasema mwandishi ameharibika, ameanza siasa. Mimi nasema ameharibika kwa sababu zile zile za siku zote. Mchungaji bado anachelewa.

Mama mkwe alifanyiwa na jicho la pili, akapewa dawa ya wekundu, akarudi kijijini macho yote mawili yakiwa meupe, mume wangu akamnunulia jiko la gesi. Amelifunika kitambaa cha kufuma na kuliweka sebuleni, analiwasha padri akija. Lakini jiko lake la kuni mwanawe alilitoboa madirisha mawili kwa mikono yake mwenyewe, bila kumwomba ruhusa mtu. Jumapili baada ya misa ananipigia, anaweka simu juu ya kinu, na majirani wanakaa kusikiliza nikisoma. Nasikia kuku, nasikia watu wakiguna. Yule mama aliyekuwa anamwangalia miguu naye huja. Mama mkwe anasema anakaa mbali, karibu na mlango, lakini anakuja.

Jumapili iliyopita tulimaliza ile ya mwenye suti. Nikamuuliza ameionaje.

"Huyu hatishi," alisema. "Watu kama huyu tumewazoea, huja kila uchaguzi. Mwambie rafiki yako aongeze bidii." Kisha nikamsikia akiwauliza wenzake kama nianze kingine sasa hivi au wakanywe uji kwanza, na wengi wakasema uji.