Onyesha kwa Kidole Kimoja

Kuumwa kiuno ni ugonjwa wa fedheha. Huna jeraha la kuonyesha, huna homa, ugali unakula kama wenzako, halafu asubuhi kuinuka kitandani huwezi. Nani atakuamini?

Mimi kilinianza nilipojifungua mtoto wa tatu, muda mfupi baada ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, huku Iringa. Upande mmoja tu, chini ya kiuno. Kugeuka kitandani, taabu. Kusimama mguu mmoja, taabu. Majirani wakasema figo, basi nikanywa mizizi michungu, nikachanjwa chale, wapi. Mama mkwe yeye alisema ni uvivu, akaanza kumwambia mume wangu atafute mwingine mwenye mgongo mzima. Hilo liliniuma kuliko kiuno chenyewe.

Nikaenda hospitali ya misheni, nimechoka hata kujieleza. Daktari aliniambia nionyeshe panapouma kwa kidole kimoja, si kwa kiganja. Nikagusa mfupa juu ya tako. Akanilaza chali, akakunja goti langu na kulisukumia nje, nikapiga yowe. Si figo, akasema. Ni kiungo kinachounganisha uti wa mgongo na nyonga. Uzazi umekilegeza, na kuinama na jembe kutwa kunakichokoza. Akanifunga mkanda mpana wa turubai chini kabisa, kwenye mifupa ya nyonga. Akanifundisha kulala chali na kunyanyua makalio, polepole, kila siku. Na jembe akalipiga marufuku mpaka kiungo kikaze. Jembe, msimu wa kupanda! Nilicheka pale pale, kisha nikalia.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe yote, nikingoja matusi. Hakutukana. Aliuliza tu kile kidole kiligusa wapi, nikamwonyesha. Akaweka ungo chini, akanivuta chumbani, akashusha kanga yake. Pale pale, juu ya tako, palikuwa na chale juu ya chale, za zamani na za juzi.

"Hebu nifunge na mimi," akasema.

Nikauvua mkanda wangu, nikamfunga. Alisimama mguu mmoja, akabadilisha, akavuta pumzi ndefu. Kuomba radhi hakuomba, na mimi sikuwa na nguvu ya kudai.

Alfajiri nilisikia mlango. Alikuwa amekwenda kulima kipande changu, na jembe langu begani. Mkanda aliuacha miguuni pa kitanda changu.