Mshika Kamba

Kwetu Ipole, jirani alikata mti apate kuni za kukaushia tumbaku, na juu ya mti ule ulikuwa umetundikwa mzinga wa baba. Tangu siku hiyo baba hakuitikia salamu yake.

Katika kanisa letu la Moraviani, kabla ya Meza ya Bwana wazee huwapatanisha waliogombana. Waliwaita wote wawili mbele, wakapeana mikono, nasi tukapiga makofi. Nje ya mlango kila mmoja akashika njia yake. Yale makofi yalinikera.

Msimu wa kurina asali ulipofika, kaka yangu, aliyezoea kumshikia baba kamba, alikuwa amehamia Tabora mjini kuendesha bajaji. Mrina asali hujifunga kamba kiunoni, ikapitishwa juu ya tawi, na ncha yake ikashikwa na mtu aliye chini. Huyo akiiachia, wa juu anaanguka. Baba alikwenda kwa jirani, akaiweka kamba miguuni pake, akasema, "Kesho napanda."

Nilikuwepo. Nyuki waliposhuka walimvaa jirani usoni. Jicho moja likavimba hadi likafumba, naye hakuiachia kamba mpaka baba alipokanyaga ardhi. Baba akamkalisha, akamtoa miiba kwa ukucha.

Jumapili iliyofuata wazee walimshukuru Mungu kwamba upatanisho wao umezaa matunda. Tukapiga makofi tena. Jirani hakupiga, viganja vyake vilikuwa vimechunika.