Jibu la Mzee Lililokwama Magoma

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja mwaka mzima bila miguu kuniwasha. Nimekata mkonge, nimechimba visima Handeni, nimeuza betri mnadani. Nilipokubali kubeba sanduku la mtafiti mmoja nilidhani nimepata kazi ya kwenda. Kumbe ilikuwa kazi ya kurudi, kila siku, njia ileile.

Sanduku lilikuwa dogo kama redio, nalifunga nyuma ya pikipiki. Vitongoji kadhaa nyuma ya Mashewa havishiki mtandao. Mtu anazungumza kwenye sanduku, sauti inakaa humo, mimi naibeba mpaka Manundu. Nikikaribia duka lenye sanduku lingine, inahamia yenyewe. Nilimwuliza mtafiti maswali mpaka akacheka. Nikamwambia hii si barua ya kumpa mtu mkononi?

"Ndiyo," akasema, "ila mtu anajua barua ameipokea lini. Hili sanduku betri ikiisha, saa yake inapotea. Ujumbe wa jana na wa juzi, halijui upi umetangulia. Hapo ndipo nimekwama."

Masika yakaingia. Nilikuwa nimeshapanga: safari moja zaidi, namrudishia sanduku lake, nakwenda zangu Handeni.

Safari hiyo nilimpelekea mzee mmoja wa nyuma ya Mashewa posa ya binti yake aliyeishi Manundu. Washenga walishindwa na tope, wakaisema kwenye sanduku. Ndoa ilipangwa Ijumaa. Mzee akaisikiliza, kisha akaliinamia sanduku kama anagombana na mbuzi.

"Posa haiji kwenye sanduku! Mimi ndiye walii, na idhini sitoi!"

"Mzee, mbona na wewe unajibia kwenye sanduku?"

"Ala! Beba, usinifundishe." Mengine akayamalizia kwa Kishambaa.

Nikirudi Manundu, nilifika Magoma nikakuta mto umefunika daraja. Nikageuza, nyuma nako barabara ilikuwa imemeguka. Siku nne nililala kwenye baraza la mashine ya kusaga, nywele zimejaa unga. Mimi ambaye nikichoka mahali naondoka tu, sikuwa na pa kuondokea. Kila asubuhi nilichomeka kijiti ukingoni kupima maji, na kila asubuhi niliomba yasipungue, kwa sababu bila idhini ya walii shehe hafungi ndoa, na katazo nilikuwa nalo mimi. Niliwaza hata kulitupa sanduku mtoni. Lakini humo kulikuwa na sauti za watu wengine pia, kuna mama alikuwa anamwuliza mwanawe kama ameshapona.

Alhamisi maji yakapungua. Manundu nilizima pikipiki mbali na duka, ile sauti isije ikahama. Binti akaniona.

"Kaka, umesimama kama umeona nyoka! Njoo unywe chai. Baba karidhia."

"Karidhia lini?"

"Jana limefika lori la mahindi, nalo mtafiti amelifungia sanduku. Lilizungukia milimani. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Mzee alikuwa amepoa hasira, nami nimekaa Magoma na ile hasira.

"Ninayo nyingine," nikasema. "Anakataa."

Kicheko kikamkauka. Aliona haraka kuliko mimi: ya kukataa ingefika baada ya ya kuridhia, na kila mtu angesema mzee kabadili neno.

"Ulikuwepo aliposema?"

"Posa nilimpelekea mimi. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake la kwanza."

"Basi huondoki mpaka shehe akusikie."

Nikasukuma pikipiki mpaka dukani, sauti zikahama zote. Basi la Handeni likapita nikilitazama. Shangazi yake akanikaribisha ndani, akachukua viatu vyangu, akavifungia kabatini.

Ijumaa walinikalisha mkekani katikati ya wanaume. Shehe akasikiliza sauti zote mbili, akanigeukia.

"Ipi imetangulia?"

"Ya hasira."

"Una hakika?"

"Shehe, alinigombeza na mimi."

Watu wakacheka. Shehe hakucheka; akamwambia bwana harusi anyooshe mkono, amfungishe ndoa.