Nilivyogoma Nikiwa Ndani ya Benki

Chama chetu cha wafanyakazi kilipoamua kugoma katika benki ya serikali, tawi la Ibanda, nami niliinua mkono. Nilikuwa na sababu. Umri wangu wa kustaafu ulikuwa umepita zamani, lakini barua ya kuniachilia, ambayo sharti itoke Kinshasa, ilikuwa haijafika. Bila barua hiyo mtu hastaafu. Akiondoka kwa hiari yake anahesabiwa mtoro, na haki zake zote zinapotea. Mke wangu alikwisha kutangulia Mumosho, kwenye shamba letu la maharage, akaniacha mjini, Nyalukemba, na sufuria mbili na maagizo marefu ya kupika. Mgomo ulidai jambo moja tu: barua za wazee zitoke. Tulikuwa wazee wanne.

Sikufikiri juu ya ufunguo. Kosa hilo ni langu, na sitamtwika mwingine.

Mimi ni keshia mkuu. Kasha la chuma la tawi letu lina funguo mbili tofauti: mmoja hukaa kwa mkuu wa tawi, mwingine kwangu, na hakuna unaofungua bila mwenzake. Kanuni inamtaka mwenye ufunguo awe ndani ya uzio saa zote za kazi, benki iwe wazi au imefungwa. Wala ufunguo haubadili mikono ila kwa remise-reprise: anayetoa na anayepokea huketi meza moja, hukagua pamoja, huandika karatasi, na wote wawili hutia sahihi. Pasipo sahihi mbili, ufunguo ungali wangu hata nikiutupa ziwani.

Asubuhi ya kwanza ya mgomo wenzetu walikuwa wamepanga viti vya plastiki nje ya lango, wanaimba. Nilimwita pembeni naibu wangu, mtu wa makamo niliyemfundisha kazi mwenyewe, nikampa karatasi niliyoiandaa kwa nakala tatu ili aupokee ufunguo.

"Papa, siwezi kusinye," akasema. "Kusinye ni kutumika, na tuko mu grève."

"Si kazi, ni sahihi moja tu."

"Si weye ulinifundishaka? Sahihi moja tu ndiyo inapelekaka mutu mu gereza."

Waliosikia wakacheka. Maneno yale yalikuwa yangu kweli, na niliyasema mbele ya mashahidi. Mkuu wa tawi naye hakuweza kupokea, maana mtu mmoja haruhusiwi kushika funguo zote mbili. Basi nikakunja nakala zangu nikaingia ndani.

Ikawa hivyo kila siku. Saa mbili kasorobo nilipita kati ya viti vya wenzangu. Saa tisa na nusu nilitoka. Ndani sikugusa kitu. Sikutia jina katika daftari la mahudhurio, kwa sababu nilikuwa mgomaji. Sikuimba, kwa sababu nilikuwa kazini. Niliketi nyuma ya kioo cha dirisha langu la malipo, nikatazama sakafu ambayo hakuna aliyeikanyaga. Saa za mchana harufu ya sambaza, dagaa wa ziwani, waliokaangwa iliingia kutoka langoni. Walikula pamoja huko nje. Hakuna aliyeniletea hata mmoja, nami sikuomba.

Siku ya sita mke wangu akapiga simu.

"Muzee, huku banasema unafungulaka patron kasha, kwa mulango ya nyuma."

"Nani anasema?"

"Batu."

"Batu si jina. Nani?"

"Minasikia tu ku soko. Ni bongo?"

"Mkuu angepitia wapi? Tawi letu halina mlango wa nyuma," nikamwambia. "Nyuma kuna mlima."

Akasema kwamba kama ni uongo basi nile vizuri. Lakini ikiwa neno lile limekwisha kufika soko la Mumosho, lilitoka kwenye viti vya plastiki. Hakuna mahali pengine lingeweza kutoka. Kesho yake sikupita moja kwa moja kati ya viti. Nilisimama mbele ya mwakilishi wetu wa chama, mama wa ofisi ya nyaraka, mdogo kuliko kitinda mimba wangu, lakini mwenye sauti inayovuka barabara.

"Maman, ni nani aliyeniona nikifungua kasha? Siku gani? Saa ngapi?"

"Papa, huku si tribunal."

"Basi msihukumu. Mnasema mlango wa nyuma. Umefanya kazi humu miaka mingapi? Uko wapi huo mlango?"

Aligeuka akalitazama jengo, akalitazama tena. Sauti ikatoka nyuma ya umati: "Basi anafungulaka kwa dirisha!"

Wakaangua kicheko, na mwakilishi akacheka nao, kisha akainua mkono. "Inatosha. Mumupe Papa kiti."

Kiti kikawekwa upande wa ndani wa lango, hatua moja kutoka nondo zake, ili nisiivunje kanuni. Tangu siku hiyo mgomo wangu ulikuwa hapo: wao nje, mimi ndani, sahani ya sambaza ikipitishwa kati ya nondo. Nililazimika kuiinamisha ili ipite, na daima wawili watatu walianguka.

Siku ya kumi na saba mkuu wa tawi alinijia kitini, simu mkononi.

"Papa, Kinshasa wamesema tufungue kasha leo. Dakika tano tu, mimi na wewe."

"Wamesema wapi?"

"Ku simu. Sasa hivi."

"Simu haina sahihi. Niletee karatasi."

Akainama karibu yangu, akashusha sauti ili wa nje wasisikie. "Wanajua jina lako. Ukikataa, barua yako haitatoka. Utazeekea humu."

Nilijua kwamba huenda anasema kweli. Kama kasha lingefunguliwa siku ile, fedha zingetoka, mgomo ungekwisha jioni yake, na barua zetu zote nne zingelala. Kama lingebaki limefungwa, huenda yangu pekee ndiyo ingelala. Nilirudia neno karatasi. Akarudi ofisini. Karatasi haikuja.

Baada ya siku tatu barua zilifika, zote nne. Mwakilishi alizisoma kwa sauti akiwa amepanda juu ya kiti, na wanawake wa chama wakapiga vigelegele kila jina lilipotajwa. Langu lilikuwa la mwisho. Nikaomba kuisoma barua yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeruhusiwa kupumzika "mara tu baada ya remise-reprise pamoja na mrithi atakayeteuliwa".

Nilimtafuta naibu wangu katikati ya shangwe nikamwonyesha mstari ule.

"Umeteuliwa?"

Akausoma polepole. "Hapana, Papa."

"Kwa hiyo huwezi kupokea."

"Siwezi." Macho yake yalikuwa chini. "Weye ungepokea?"

Nisingepokea. Nilimwambia hivyo.

Wazee watatu waliondoka siku ile ile wakiimbiwa hadi barabarani. Kesho yake wateja walijaza ukumbi, nami nikatia jina katika daftari. Wiki mbili baadaye nilimwuliza mwakilishi kama chama kingeweza kudai uteuzi wa mrithi wangu.

"Grève juu ya mutu moja, Papa?" Alicheka, kisha akaona kwamba sicheki. "Tutaandika barua."

Waliandika, na nakala ninayo.

Jioni ya siku niliyomwuliza mwakilishi, mke wangu alipiga simu akaniuliza ninafika lini Mumosho, kwa sababu mvua imeanza na mbegu ziko tayari. Nilimweleza mstari wa barua neno kwa neno. Alinitaka niurudie, nikaurudia.

"Donc uko retraité, lakini unatumika."

"Ndiyo. Nimestaafu, na niko kazini."

"Na miye nifanye aje?"

Nikamwambia apande, asinisubiri.