Anwani ya Mama Bobini

Fundi hakuwahi kukalia dawati la shule. Mikono yake ndiyo iliyosoma: mletee cherehani inayokata uzi, ataigusa tu akutajie ugonjwa. Kuandika ilikuwa kazi ya mkewe, Mama Bobini. Fundi akisema, mke anaandika, jibu linakwenda kwenye baraza la barua pepe la mafundi wa kutengeneza cherehani, ambako barua ya mmoja huwafikia wote. Mama Bobini ndiye aliyelianzisha. Lilikuwa wazi kwa yeyote kuandika, na barua taka alizifagia mwenyewe kila asubuhi.

Akafariki. Fundi akasema baraza litabaki kwa ajili yake. Mwezi wa pili baada ya mazishi, barua zikaanza kuja kwa jina lake.

Ya kwanza Fundi aliisoma kwa kidole, herufi moja moja, kama mkewe alivyomfundisha. "Wapenzi, nimewakumbuka." Moyo ukamruka. Mstari wa chini ulikuwa tangazo la dawa ya kuotesha nywele.

Siku ileile akapigiwa simu na mwanachama mmoja, fundi mwenye ulimi mkali waliyemwita Sindano.

"Mzee, pole. Lakini marehemu ananiuzia dawa ya nywele, na upara wangu aliuzoea!"

Fundi hakucheka.

"Watu wanajitoa, Mzee. Zuia anwani yake."

"Nimfungie mlango mke wangu?"

"Si yeye. Ni matapeli wamevaa jina lake. Baraza litakufa."

Mkwe wake, mke wa mwanawe, akaja akaketi naye mbele ya kompyuta.

"Hapa, Baba. Ukibonyeza, jina la Mama halitaandika tena barazani."

"Nibonyeze mimi," akasema Fundi. Kidole kilikaa hewani kitambo. Kikashuka.

Siku tatu, kimya. Ya nne Mama Bobini akauza dawa tena.

"Si nimemzuia?"

Mkwe akakikodolea kioo macho. "Hii anwani nyingine, Baba. Wametoa i, wakatia l."

Fundi akatazama. Kwake vyote vilikuwa vijiti.

Wakaizuia. Ikaja nyingine. Wakaizuia. Zikaja tatu. Sindano naye akajitoa, hakuaga.

Asubuhi moja Fundi alikuta barua kumi na moja za Mama Bobini. Barua ya fundi mwenzake hata moja haikuwapo.

"Lifunge," akasema.

"Baba, si ulisema litabaki kwa ajili ya Mama?"

"Nilisema."

Mkwe akalifunga. Barua zikakoma.

Wateja bado huja na cherehani zao. Fundi huzigusa, hutengeneza, hurudisha. Wakimuuliza ilikuwa na nini, husema, "Imepona."