Mkono Unaonuka Dagaa

Kwetu, nje ya Garsen, samaki si chakula. Ni kitu cha mtoni tu, sawa na chura. Sisi ni Waorma, watu wa ng'ombe, na mpaka namaliza shule sikuwahi kutia samaki mdomoni. Kwa hiyo siku nilipotangaza nyumbani kwamba nimepata kazi Kipini, kwenye diko, pale mashua zinapoteremsha samaki, kaka yangu alicheka hadi akakaa chini. Baba aliuliza kama ni kazi ya serikali. Mama alinitazama mikono tu.

Kazi yenyewe ni hii. Pale mto unapoingia baharini kuna vijito vya maji ya chumvi vilivyojaa dagaa, na wenye kimia, nyavu zile za kurusha, huwavua ili wauzwe kuwa chambo. Wavuvi wa mshipi wanaofuata nguru huko nje hawang'oi nanga bila chambo, basi wanunuzi wenye masanduku ya barafu hufika mapema kuwangoja. Ila kanuni ya diko letu ni kwamba kabla dagaa hawajauzwa, kila mashua inanipa bakuli moja. Nawamwaga juu ya ubao uliolowa, nawapima kwa rula, kisha nawapasua matumbo kwa ukucha wa kidole gumba nione kama wana mayai. Wenye mayai wakizidi, au wachanga, naiambia kamati ya ufuo, nayo hukifunga kijito walikotoka mpaka watage au wakue. Ukucha wangu, kwa hiyo, una madaraka makubwa kuliko mimi.

Shida ya mwanzoni ilikuwa maneno. Sikujua samaki mchanga anaitwaje wala mkubwa anaitwaje, nikatumia maneno niliyokuja nayo kutoka zizini. Dagaa ambao hawajawahi kubeba mayai niliwaita mitamba. Wenye mayai nikasema wana mimba, na waliokwisha kutaga nikasema wamezaa. Siku ya kwanza nilipotamka hivyo mbele ya watu, mvuvi mmoja aliangusha ndoo kwa kicheko. Baada ya muda nikamsikia mwenyekiti wa kamati akiwaambia wenzake, uso mkavu kabisa, "Kile kijito cha mikokoni sasa ni mitamba mitupu, kiacheni." Siku hiyo nilitembea diko zima kichwa juu.

Nyumbani ndiko nilikoshindwa.

Kwetu maziwa ndiyo heshima ya nyumba. Mama ana vibuyu vyake, hufukizwa moshi wa mti anaouchagua mwenyewe, na harufu ngeni ikiingia kibuyuni basi tena, hicho kimekufa. Kibuyu kipya nacho ni kichungu. Hutiwa maziwa, yakiingia uchungu wakapewa ndama, kikafukizwa, kikatiwa tena, na kazi hiyo hula msimu mzima wa mvua kabla ndani hakujawa kweusi na kutamu. Mgeni akija, binti wa nyumba ndiye anayenyanyua kibuyu na kumimina. Mimi nilikuwa namimina tangu umri ambao kibuyu kilinishinda uzito.

Mara ya kwanza nilipokwenda likizo ya Ijumaa, jirani aliingia kutuamkia, nami nikanyoosha mkono kama kawaida. Mama akanidaka kifundo. Alinusa vidole vyangu kimoja kimoja, polepole, kisha akamwita mke wa kaka aje amimine.

"Mkono unaopasua samaki hautagusa vyombo vyangu," alisema.

Nilijaribu kila kitu. Nilijisugua kwa ndimu, kwa jivu, kwa mchanga, kwa majani ya mpera, kwa sabuni ya mche hadi ngozi ikakunjamana. Safari moja rafiki yangu wa Kipini alinifukiza udi na kunipaka manukato hadi viwiko. Mama alinusa, akafikiri kidogo.

"Leo unanuka dagaa anayekwenda harusini."

Nilicheka, maana mama yangu akitaka kuchekesha hana mpinzani. Lakini iliniuma. Kila Ijumaa nilikaa mkekani kama mgeni, napokea kikombe kwa mikono miwili, huku mke wa kaka akimimina. Ni mtu mwema, hajanikosea lolote, na nilimwonea wivu mpaka nikajionea haya. Kibuyu nilikitaka kwa sababu nilitaka kuwa binti wa nyumba ile. Nikaanza kuwaza kuacha kazi, na wazo hilo nalo lilinipandisha hasira, kwa sababu kazi niliipenda. Nani mwingine pale ufuoni angewaita dagaa mitamba?

Kiangazi kilipobana, ng'ombe wetu waliteremshwa deltani kufuata nyasi, na Mama akaja na kambi. Asubuhi moja bodaboda ikasimama pale diko, akashuka. Hakuwa amenipa habari. Ncha ya mtandio aliishikilia puani kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ulikuwa umebana kitu ndani ya nguo zake. Kaka alikuwa amemwambia kazi yangu ni kuhesabu wadudu wa baharini, nikadhani amekuja kuwaona hao wadudu.

Alikuta ubishi. Bakuli la asubuhi hiyo lilikuwa limejaa mimba tupu, kila niliyempasua ana mayai, na nilikuwa nimewaambia wanakamati kijito kifungwe. Mnunuzi mmoja wa Kipini, mwenye sauti ya kuwaamkia watu wa ng'ambo, hakutaka kusikia.

"Dada, hawa chambo tu! Wenda kutungwa ndoanani hawa. Wataka kuwapa likizo ya uzazi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo. Mama akaniuliza kwa Kiorma yule mtu analalamikia nini. Nilichukua dagaa mmoja, nikambinya tumbo, mayai yakatoka juu ya ubao. Mama aliinama. Mtandio ukamtoka puani asijue. Aliyatazama, kisha akamgeukia mnunuzi kwa Kiswahili chake cha soko la Garsen.

"Wewe. Kwenu ng'ombe iko na mimba, nachinja?"

"Hasha, mamangu. Lakini hawa si ng'ombe."

"Mimi naona tumbo tu."

Diko zima likaangua kicheko, na mnunuzi akacheka kuliko wote. Waliokwisha kuvuliwa aliwanunua, akaondoka kuwapanga kwenye barafu huku akinung'unika habari za likizo. Kamati ikakifunga kijito.

Mama akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. "Nawa," akaniambia.

Nilinawa kwa sabuni, nikamalizia na ndimu, nikampelekea mikono. Akanusa. Uso ukamkunjamana vilevile kama nyumbani.

"Bado wamo."

Nikairudisha mikono yangu, nikajiandaa kucheka kama nilivyozoea. Ndipo akatoa kile alichokibana. Kilikuwa kibuyu kidogo chenye mkanda mpya wa ngozi, na sikuwahi kukiona.

"Hiki chako. Changu usikiguse."

Nilifungua kifuniko. Ndani kulikuwa kweusi hadi pale maziwa yalipoanzia, kunanukia moshi, na maziwa nilipoyaonja hayakuwa na uchungu hata chembe. Weusi ule haupatikani kwa wiki. Kilianzwa tangu mvua, na wakati wa mvua ndipo nilipokuwa nikinuswa vidole kila Ijumaa na kurudishwa mkekani. Huko nyuma ya nyumba, kumbe, alikuwa akitia maziwa, akiwapa ndama na kufukiza, halafu anaanza tena. Alikuwa anatengeneza kibuyu cha mtu ambaye mkono wake utanuka samaki maisha yake yote.

Nililia pale pale, mbele ya mashua na masanduku ya barafu, sikujali.

"Unalia nini?" Mama akasema. "Si unaona kuna wageni?"

Nikajifuta uso kwa mkono wa nguo, nikaazima vikombe kwa muuza chai, nikamimina, nikaanzia na yule mnunuzi wa chambo.